Unaishi Donholm, Unafanya Kazi Kampala: Ritani Utaifaili Wapi?

Kila Juni saiba za Umoja, Kayole na Kariobangi, hapa Eastlands ya Nairobi, hubandika karatasi moja mlangoni, KRA RETURNS, na foleni hufika hadi kwa muuza mayai pasua. Kijana wa kaunta humuuliza kila anayeketi mbele yake swali lile lile: "Ni nil ama uko na P9?" Kwa wengi swali hilo linatosha. Mwenye P9, hati ya mwaka ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri, huifungua kwenye simu, asiye na kazi husema nil, na baada ya dakika chache kila mmoja huondoka na risiti yake.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye majibu hayo mawili hayamtoshi. Unalala Donholm lakini mshahara unatoka Kampala. Mke na watoto wako Komarock nawe uko Juba kwa mkataba wa miaka miwili. Umerudi Dandora kwa likizo kutoka Dubai. Au hujavuka mpaka wowote, umekaa chumbani Buruburu na kompyuta yako, ila anayekulipa yuko Marekani. Watu hawa hufaili nil kila mwaka wakiamini kwamba mapato ya nje si habari ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Wengi wamekosea, na kosa lenyewe hukaa kimya kwa miaka kabla halijaibuka siku unapohitaji cheti cha kutodaiwa kodi.

Shika jambo moja kabla hatujaendelea: sheria ya Kenya huuliza kwanza makao yako yako wapi, ndipo iulize kazi umeifanyia wapi. Ukianza na swali la pili utapotea.

Ukivuka kaunti tu

Tuanze na wepesi. Anayetoka Pipeline alfajiri kwenda kiwandani EPZ, Athi River, anaingia Kaunti ya Machakos. Anayefanya kazi Kitengela yuko Kajiado, na wa Ruiru au Thika yuko Kiambu. Je, kaunti hizo zina haki ya kukukata kodi ya mapato? Hazina. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imeipa serikali ya taifa peke yake mamlaka ya kutoza kodi ya mapato. Kaunti zimeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, ada za huduma zake, na kodi nyingine yoyote ambayo Bunge litaziruhusu. Kwa hiyo ritani ni moja, kwa KRA, hata ukifanya kazi katika kaunti tatu kwa mwaka mmoja.

Kama una jamaa Marekani, mambo yake ni tofauti, na ndiyo maana ushauri wake wa simu hukuchanganya. Anayeishi jimbo la New Jersey na kufanya kazi New York hufaili kwa serikali kuu, kisha kwa New York kama mgeni, kisha kwa New Jersey kama mkazi, na New Jersey humpunguzia kwa sababu ya alicholipa New York. Sisi hatuna hayo kati ya kaunti na kaunti. Tunayo kati ya nchi na nchi, na tutafika huko.

Mfanyabiashara ana jambo moja la kuangalia. Ukinunua nguo Gikomba na kuziuza katika duka lako Kitengela, leseni ya biashara unaikata Kajiado, kwa sababu duka liko huko. Leseni ni ada ya kaunti. Kodi ya faida yako bado ni ya KRA.

Penye hatari kwa mwajiriwa anayezunguka kaunti ni kuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja. Chukua mwalimu wa mtaa wa Tena anayefundisha shule moja ya kibinafsi asubuhi na chuo kimoja Ruiru jioni, kila mahali akilipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kila mwajiri akihesabu kama kwamba ndiye peke yake, atamkata PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya takriban shilingi 4,383, kabla ya kuzingatia makato ya NSSF, SHIF na nyumba. Jumla ni shilingi 8,767. Lakini KRA haioni mishahara miwili ya 40,000, inaona mtu mmoja mwenye 80,000, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 kodi yake ni shilingi 16,383. Sababu ni mbili: asilimia 10 ya shilingi 24,000 za kwanza pamoja na asilimia 25 ya shilingi 8,333 zinazofuata hutolewa mara moja tu kwa mtu, na unafuu wa kibinafsi wa shilingi 2,400 pia ni mmoja kwa mwezi. Pengo ni zaidi ya shilingi 7,600 kila mwezi, yaani kama shilingi 91,400 kwa mwaka, na hulioni mpaka uingize P9 zote mbili kwenye ritani moja. Mwambie mwajiri wa pili mapema, kwa barua, kwamba unafuu wako unatolewa kwingine. Itauma kila mwezi, lakini itauma kidogo kidogo.

Mpaka wa nchi

Zamani hata mpaka wa Malaba haukuwa na maana kubwa katika jambo hili. Mfanyakazi wa Reli aliyeishi Makongeni au Muthurwa akahamishiwa Tororo au Kampala alibaki chini ya Idara ya Kodi ya Mapato ya Afrika Mashariki, na sheria ya usimamizi wa kodi hiyo, ya 1958, ilikuwa ya pamoja. Kisha kila nchi ikashika njia yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1974, na miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Jumuiya mpya ilijaribu kuziba pengo: mataifa matano yalitia saini mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili mwezi Novemba 2010. Haujaanza kutumika, kwa sababu si wote waliouidhinisha. Nasikitika kila ninapomwona mfanyakazi wa kawaida akibebeshwa mzigo ambao serikali zilikubaliana kuuondoa, lakini ndivyo mambo yalivyo, na ritani yako lazima uifaili kwa sheria iliyopo.

Sheria iliyopo inakuita mkazi wa Kenya kwa mwaka fulani ukiingia katika moja ya hali tatu. Ya kwanza: una makao ya kudumu Kenya na ulikuwapo nchini kwa muda wowote mwaka huo. Ya pili: huna makao ya kudumu lakini ulikuwapo kwa siku 183 au zaidi. Ya tatu: ulikuwapo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyoutangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka.

Soma tena ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayowanasa watu wa Eastlands. Muda wowote. Wiki ya Krismasi inatosha. Mazishi ya siku nne yanatosha. Ikiwa nyumba ya Komarock umeipanga, au uliijenga, na familia yako imo na kitanda chako kimo, hayo ni makao ya kudumu, nawe ukikanyaga uwanja wa JKIA mara moja tu mwaka huo umekuwa mkazi wa mwaka mzima. Wengi wameshikilia hesabu ya siku 183 waliyoisikia kwa marafiki. Hesabu hiyo ni ya mtu asiye na makao hapa.

Ukiwa mkazi, kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinahesabu mshahara wako wote kuwa umetoka Kenya, iwe kazi uliifanyia Kenya au nje. Ukiwa si mkazi, kwa sababu mwaka mzima hukuja au kwa sababu ulishahama na kuvunja makao, mshahara wa mwajiri wa nje haukuhusu. Isipokuwa mwajiri wako awe wa Kenya. Hapa angalia mkataba wako kwa makini. Benki na kampuni nyingi za Nairobi zina kampuni tanzu Kampala, Kigali na Juba. Ikiwa mkataba wako umeandikwa na kampuni mama ya Nairobi nawe umetumwa tu huko, Kenya inakukata hata kama hukuonekana hapa mwaka mzima. Ikiwa uliajiriwa na kampuni tanzu iliyosajiliwa huko, mwajiri wako si wa Kenya. Kabla ya kutia saini, uliza jina la kampuni inayokuajiri, si jina lililo kwenye bango la mlangoni.

Kampala, kwa hesabu

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mhasibu mwenye nyumba na familia Donholm anafanya kazi katika kampuni ya Uganda, anakuja nyumbani mara moja kila mwezi au miezi miwili. Ni mkazi wa Kenya bila ubishi. Mshahara wake ni shilingi 5,600,000 za Uganda kwa mwezi, na tuseme shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 28 za Uganda, kwa hiyo ni shilingi 200,000 za Kenya.

Uganda haikati kodi kwenye shilingi 235,000 za kwanza. Hukata asilimia 10 hadi 335,000, asilimia 20 hadi 410,000, na asilimia 30 juu ya hapo. Kiasi cha mshahara kinachopita milioni 10 huongezewa asilimia 10. Mhasibu wetu anakatwa shilingi 1,582,000 za Uganda, sawa na shilingi 56,500 zetu. Kenya nayo ikiutazama mshahara huo huo wa 200,000 inapata kodi ya shilingi 52,383 baada ya unafuu wa kibinafsi.

Raia wa Kenya aliye mkazi akiwa amelipa kodi ugenini kwa mshahara wa ajira, kifungu cha 39 kinamruhusu kuitoa kodi hiyo kwenye kodi ya Kenya ya mshahara uleule. Kiasi atakachopunguziwa hakiwezi kuzidi kile ambacho Kenya ingetoza. Kwa hiyo mhasibu wetu hadaiwi chochote Nairobi, na zile shilingi 4,000 na ushei alizolipa Uganda zaidi ya kiwango cha Kenya hazirudishwi na KRA. Zimekwenda. Lakini tazama tofauti: akifaili ritani yenye mshahara wote na kodi yote ya Uganda, salio lake ni sifuri kihalali. Akifaili nil, ameficha shilingi milioni 2.4 za mwaka mzima, na KRA ikizipata bila ushahidi wa kodi ya Uganda inaweza kumtoza zaidi ya shilingi laki sita, kisha faini na riba. Matokeo ya uaminifu na ya udanganyifu yangekuwa sawa mfukoni, sifuri kwa sifuri, ila mmoja analala usingizi.

Mambo matatu humsumbua mtu wa Kampala. La kwanza ni kalenda. Mwaka wa mapato wa Kenya huanza Januari na kuisha Desemba, wa Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Cheti cha kodi cha mwaka ulichopewa na mwajiri wa Uganda kinagawanya mwaka wako wa Kenya katikati. Usikikate kwa kukisia. Omba hati za mshahara za kila mwezi kuanzia Januari hadi Desemba, na ujumlishe mwenyewe mshahara na PAYE ya miezi hiyo kumi na miwili.

La pili ni makato mengine. Hati yako itaonyesha NSSF ya Uganda, asilimia 5 ya mshahara. Hiyo ni akiba, haihesabiwi kuwa kodi. Itaonyesha pia kati ya Julai na Oktoba mstari mdogo ulioandikwa Local Service Tax, kodi ya serikali za mitaa za Uganda isiyozidi shilingi 100,000 za huko kwa mwaka. Kila kimoja kiandike kando. Unachodai kupunguziwa ni PAYE iliyofika URA, mamlaka ya kodi ya Uganda.

La tatu ni ushahidi, na hapa ndipo madai mengi huanguka. Hati ya mshahara peke yake inaonyesha kwamba ulikatwa, haionyeshi kwamba fedha zilifika serikalini. Hakikisha una TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya Uganda kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako, na kwamba mwajiri anapeleka PAYE yako kwa TIN hiyo. Kisha pata barua au cheti kutoka URA kikionyesha kiasi kilicholipwa kwa ajili yako. Kishughulikie ukiwa bado kazini. Mkataba ukishakwisha na umerudi Donholm, kumfuatilia mtu wa mishahara wa Kampala kwa simu ni kazi ngumu.

Arusha, Juba na Ghuba

Tanzania ina tofauti moja inayobadilisha hesabu yote. Mfanyakazi asiyehesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania, kama fundi aliyeenda Arusha kwa mkataba wa miezi minne, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wote. Mshahara wa wastani wa mtaalamu huangukia asilimia 30 hapa kwetu, kwa hiyo kuna salio la kulipa Nairobi hata baada ya kupunguziwa alicholipa TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania. Weka fedha hizo kando kila mwezi. Aliyepata kazi Unguja asihangaike kutafuta mamlaka nyingine: kodi ya mapato ni jambo la Muungano na hukusanywa na TRA, ingawa Zanzibar ina mamlaka yake kwa kodi nyingine.

Juba pia hukata kodi ya mshahara, na kanuni ni ile ile ya Kampala. Kinachotofautiana ni makaratasi. Dai barua ya mwajiri yenye mhuri kila robo mwaka, pamoja na nakala ya malipo yake kwa mamlaka ya kodi ya huko, badala ya kusubiri mwisho wa mkataba.

Ghuba ndiko watu wanakoumia zaidi, kwa sababu Falme za Kiarabu, Qatar na Saudi Arabia hazimtozi mwajiriwa kodi ya mapato. Hakuna kodi iliyolipwa huko, basi hakuna cha kupunguziwa hapa. Mlinzi au mhudumu wa hoteli aliye Doha mwaka mzima bila kuja nyumbani si mkazi wa Kenya mwaka huo, na mshahara wake haudaiwi. Mwenzake aliyekuja likizo ya mwezi mmoja, mwenye nyumba na familia Kayole, anaingia katika hali ya kwanza. Kenya ina mikataba ya kodi na Falme za Kiarabu na Qatar, na mikataba ya namna hii huweka utaratibu wa kuamua mtu ni mkazi wa wapi pale nchi zote mbili zinapomdai: makao ya kudumu, kisha mahali maisha na mali yake yalipoegemea, kisha mahali anapokaa kwa kawaida. Ukitaka kuitumia, omba cheti cha ukazi wa kikodi kutoka nchi uliko kabla hujaja likizo. Naona ni uonevu kwamba dada anayefua na kupika Riyadh awekwe katika kanuni moja na mkurugenzi wa benki, na Bunge lingeweza kuliangalia. Hadi litakapofanya hivyo, hifadhi pasipoti zako zote, hata zilizokwisha muda. Mihuri ya kuingia na kutoka ndiyo ushahidi wako mkubwa wa ukazi.

Mwajiri yuko nje, wewe uko Buruburu

Anayeandika manukuu ya sauti, anayefundisha mashine kutambua picha, anayejibu wateja wa duka la Uingereza usiku kucha kutoka chumba cha kupanga Umoja: kazi yake inafanyikia Kenya. Hakuna utata wa ukazi hapa. Kampuni za Marekani humtaka ajaze fomu ya W-8BEN, na wengi huidhania kuwa ni kulipa kodi ya huko. Fomu hiyo inasema tu kwamba wewe si mtu wa Marekani. Malipo ya huduma iliyofanyiwa nje ya Marekani hayakatwi kodi ya huko. Kwa hiyo hujalipa popote, na Kenya inakudai yote.

Kwa kuwa hakuna wa kukukatia PAYE, kalenda yako ni nyingine. Kodi yako ya mwaka ikifika shilingi 40,000, unatakiwa kuilipa kwa awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Gharama za kazi unaruhusiwa kuzitoa, yaani intaneti, umeme wa chumba cha kazi na kompyuta kwa kiwango kinachoruhusiwa, mradi uwe na risiti za kielektroniki za eTIMS kwa vitu vilivyonunuliwa hapa.

Kuketi mbele ya iTax

Usitumie ile fomu fupi ya mtandaoni ya mwenye mshahara pekee. Hiyo huvuta P9 ambazo waajiri wa Kenya wamekwishazipeleka, na mwajiri wako wa Kampala hayumo. Ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwenye itax.kra.go.ke, chagua ritani ya mkazi, na upakue fomu ndefu ya Excel. Itakubali kufanya kazi kwenye kompyuta yenye Excel yenyewe iliyoruhusu makro. Simu na programu nyingine za kufungua majedwali huiharibu. Ukienda saiba, uliza hilo kabla ya kulipa.

Ukurasa wa kwanza una maswali ya ndiyo na hapana. Moja linauliza kama unapata mapato kutoka nchi ya kigeni. Ukijibu hapana kwa haraka, sehemu unayoihitaji haitakuruhusu kuingiza chochote. Mshahara andika wote, kabla ya kukatwa kodi, si ule ulioingia benki. Ubadilishe kwa viwango vya Benki Kuu ya Kenya vya siku za malipo, na uchapishe ukurasa wa viwango hivyo uuweke pamoja na hati za mshahara. Kodi uliyolipa ugenini huingia kwenye ukurasa wa DTAA, yaani wa mikataba ya kuepusha kutozwa kodi mara mbili. Kwa nchi isiyo na mkataba unaotumika na Kenya, kama Uganda, usitegemee fomu peke yake: andika barua kwa ofisi yako ya kodi ukiomba punguzo chini ya kifungu cha 39, ambatanisha cheti cha URA, na uhakikishe nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa.

Ukimaliza, fomu hujihakiki na kutengeneza faili ya zip ambayo ndiyo unaipandisha. Usiondoke bila risiti ya kupokelewa kwa ritani. Ikiwa kuna salio, tengeneza namba ya malipo ya PRN ulipe benki au kwa M-Pesa, paybill 222222, namba ya akaunti ikiwa ni hiyo PRN.

Kuna tarehe mbili, na watu hujua moja. Ritani ni mwisho 30 Juni. Salio la kodi ya mwaka uliopita ni mwisho 30 Aprili. Anayesubiri wiki ya mwisho ya Juni ili afaili na kulipa pamoja ameshachelewa malipo miezi miwili. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 na riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Kuchelewa kufaili kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kilicho kikubwa.

Na kuhusu saiba: barua pepe iliyo kwenye iTax iwe yako. Vijana wengi waliosajiliwa PIN wakitoka shule ya upili waliwekewa barua pepe ya mwenye saiba, na leo saiba yenyewe ilishafungwa. Neno la siri likipotea itakubidi uombe msaada wa KRA. Badilisha sasa, kabla hujasafiri.

Kama ulishafaili nil

Nil ni ya mtu mwenye PIN asiye na mapato yoyote ya kutozwa: mwanafunzi, aliyepoteza kazi mwaka mzima, mama anayelea watoto bila biashara. Pia inaweza kuwa ya yule wa Doha ambaye hakukanyaga Kenya mwaka huo. Kama ulikuwa mkazi mwenye mshahara wa nje, ritani hiyo si sahihi.

Inarekebishika. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inakuruhusu kurekebisha ritani yako ndani ya miaka mitano, na kwenye iTax kuna sehemu ya ritani iliyorekebishwa. Anza na mwaka wa zamani zaidi ambao una hati zake, uje mbele. Kwa aliyekatwa kodi Uganda, marekebisho hayo mara nyingi hayaleti deni. Kwa wa Ghuba na wa mtandaoni yataleta, na ofisi ya kodi hukubali mpango wa kulipa kidogo kidogo ukiuomba kwa maandishi. Tofauti ya kujitokeza na kukamatwa ni kubwa: upungufu wa kodi uliotokana na udanganyifu wa makusudi hutozwa asilimia 75 ya upungufu huo, ule wa bahati mbaya asilimia 20.

Ukiletewa makadirio ya KRA usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kuanzia siku ya kuyapokea. Yasome siku hiyo hiyo, kwa sababu huja kwa barua pepe na hakuna atakayekupigia.

Mtu wa Eastlands si lazima apande hadi Times Tower, makao makuu ya KRA. Huduma Centre ya Makadara ina dawati la KRA, na simu ya huduma ni 0711 099 999. Nenda mwezi Machi, foleni ikiwa fupi na tarehe 30 Aprili ikiwa bado mbele, ukiwa umebeba pasipoti, mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi kumi na miwili, cheti cha kodi cha nchi ulikofanyia kazi, na nakala ya ritani zako za miaka iliyopita.